Madirisha ya Mama Marcel

Simu ilimkuta Raphael ameinamia mguu wa kitanda, patasi mkononi. Aliibana kati ya sikio na bega, akaendelea kuchonga.

"Fundi Raphael? Hapa Mama Marcel, nyuma ya parokia. Madirisha yangu hayakai. Njoo na futi yako."

"Hayakai kivipi, mama? Yamelegea?"

"Yanahama. Njoo saa nne kamili. Rudia."

"Nirudie nini, mama?"

"Nilichokuambia."

"Nije saa nne, na futi."

"Saa nne kamili, na futi. Sahihi," akasema yule mama, na simu ikakatika.

Raphael aliweka patasi chini. Kwa miaka ishirini na miwili ya useremala pale Ushirombo, alikuwa ameitiwa madirisha yaliyoliwa na mchwa, madirisha yaliyovimba wakati wa masika yakagoma kufunga, na dirisha moja lililoibwa mchana kweupe wenye nyumba wakiwa wanakula. Dirisha linalohama hakuwahi kuitiwa. Alimweleza Maige, seremala wa banda la jirani, Msukuma mwenye mdomo usiopumzika.

"Huenda ni nyumba inayohama," Maige alisema. "Ukifika ukakuta kiwanja kitupu, rudi tumalizie kitanda."

Saa nne kasoro dakika mbili Raphael aliegemeza baiskeli yake ukutani kwa Mama Marcel, akaizunguka nyumba. Madirisha yote yalikuwa ya alumini, mapya, yamekaa kwenye kuta zake kama meno kwenye ufizi. Alijaribu kulitikisa moja. Halikujua hata kama limeguswa.

"Unatafuta nini huko nje?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Shikamoo, mama. Nayatafuta madirisha yanayohama."

"Marahaba. Yako huku sebuleni. Pita."

Mama Marcel alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na mitatu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi na namna ya kuongea kama mtu anayelipia kila neno. Jina lake la ubatizo ni Rhoda. Watu wa Ushirombo walijua tu kwamba alikuwa "akifanya kazi na ndege" Mwanza, na wengi walidhani alikuwa akigawa soda angani. Kumbe alikuwa mwongozaji ndege. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye mnara wa uwanja, kipaza sauti mdomoni, akiwaambia marubani nani atue, nani asubiri, nani ageuke wapi. Mumewe alipofariki na yeye akastaafu, alirudi kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, akajenga nyumba ya vyumba vitatu na kufuga kuku wachache wasiomsikiliza.

Sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, palikuwa na meza ndefu yenye kompyuta na vioo vitatu. Kimoja kikubwa kilisimama juu, na viwili vidogo vikakaa chini yake, ubavu kwa ubavu. Mbele yake kulikuwa na usukani mdogo mweusi. Kioo cha juu kilionyesha anga na pua ya ndege. Vile vya chini vilijaa geji za duara zenye sindano kama saa, nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine zimelaliana.

"Hayo ndiyo madirisha yangu," alisema Mama Marcel.

Raphael aliyatazama, akamtazama mama, akayatazama tena. Alijisikia kama mtu aliyepeleka jembe kwenye kikao cha harusi.

"Mama, mimi ni seremala."

"Ndiyo maana nimekuita. Kaa."

Akamweleza. Ile ilikuwa programu ya kurusha ndege, ya kujifunzia na kujifurahisha. Mwanawe Marcel, anayefanya kazi Mwanza, alimletea pamoja na vile vioo. Programu ikifunguliwa, geji zote hujipanga chini ya kioo kimoja, ndogo kama vifungo vya shati, na macho yake hayawezi tena kusoma vifungo vya shati. Lakini kila geji ni dirisha lake. Ukijua pa kubofya, unaing'oa, unaiburuta mpaka kioo kingine, unaivuta pembe mpaka iwe kubwa kama sahani.

Kung'oa dirisha, kulihamisha, kulipanua: hayo Raphael aliyaelewa bila mkalimani.

"Sasa nataka ubao," alisema Mama Marcel. "Ukae mbele ya vioo viwili vya chini, uvifunike vyote. Utoboe matundu sita ya duara, na kila tundu geji yake ichungulie. Nisione kioo, nisione waya. Nione ndege."

Akainuka, akaanza kuzipanga zile geji mbele yake, akizitaja moja moja huku akiburuta: ya mwendo, ya upeo wa macho yenye bluu juu na kahawia chini, ya kimo, ya kugeuka, ya dira, na ya kupanda na kushuka. Tatu kioo cha kushoto, tatu cha kulia. Raphael akatoa futi yake na daftari, akapima kila duara kutoka pembe mbili, akaandika.

"Hii ya kimo inasoma nini?" aliuliza.

"Futi."

Raphael akatabasamu. Futi alizijua. "Hapa imeandika karibu elfu nne, na ndege iko chini."

"Inahesabu kutoka usawa wa bahari. Hapo ulipokaa, Ushirombo hii, uko juu ya bahari karibu futi elfu nne."

Raphael alitazama chini ya kiti chake. Miaka arobaini na minne alikuwa ameishi futi elfu nne juu, na hakuna aliyemwambia.

Alipokuwa akikunja futi, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa nini? Mama Marcel alivaa miwani, akaivua.

"Mwaka ule wa mvua za El Niño," alisema, "rubani mmoja, Kapteni Mihayo, alikuja Mwanza kutoka Bukoba na abiria wanne. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya ziwa. Geji zake mbili zikafa kwa pamoja, ya upeo na ya dira. Mimi nilikuwa mnarani. Simwoni, nasikia muungurumo tu. Nina kifaa kinachonionyesha sauti yake inatoka upande gani, na nina saa ya ukutani. Nikamwambia geuka, nyoosha, shuka futi mia tano. Akatua. Abiria wakashuka wakaenda zao, hata hawakujua." Akaigeuza miwani mkononi. "Nilimwambia ashuke futi mia tano, fundi. Sijawahi kuona futi mia tano zinavyoonekana mbele ya uso wa mtu."

Raphael aliondoka akikanyaga pedali taratibu. Mwanzoni aliwaza kuikataa ile kazi kwa heshima, lakini sasa hakuweza.

Alichagua ubao wa mninga uliokuwa umekauka bandani mwaka mzima, akaupiga randa mpaka ukang'aa wenyewe. Aliyachora maduara kwa bikari, akayakata kwa msumeno mwembamba, polepole, akipuliza unga wa mbao kila baada ya vidole viwili. Vile vipande vya duara vilivyodondoka hakuvitupa, kwa kuwa vilikuwa vizuri mno. Kisha akapiga msasa kingo za matundu hadi kidole kisikwaruzike.

"Mwangaluka!" Maige aliingia kwa salamu ya kwao, akauona ubao. "Hiki nini? Cha kukalishia vyungu sita?"

"Cha ndege."

"Kuku au bata?"

Nyumbani mkewe Dorika aliuliza swali hilohilo kwa maneno mengine. "Baba Paskalina, sokoni wanasema unatengeneza ndege kwa mama mjane nyuma ya parokia. Niwajibu nini?"

"Waambie ni ubao wenye matundu."

"Hilo ndilo nililowaambia. Hawakuamini."

Jumamosi aliupeleka, ameufunga kwenye baiskeli kwa mpira na kuufunika khanga ya Dorika. Mama Marcel alimpokea mlangoni, akaupapasa ubao, akasema, "Umefanya kazi." Kwake yeye, hiyo ilikuwa hotuba. Wakausimamisha pamoja mbele ya vioo vya chini. Wakarudi nyuma hatua mbili kuutazama.

Tundu la kwanza lilionyesha nusu ya geji ya kugeuka na nusu ya giza. La pili lilionyesha kona ya kitu kisichoeleweka. Kwenye tundu la kimo, dira ilikuwa ikichungulia kwa jicho moja kama mtoto mlangoni. La sita halikuwa na kitu.

Mama Marcel aliinama, akachungulia moja moja.

"Umekosea kipimo, fundi," alisema Mama Marcel.

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. Kwa seremala, neno hilo ni sawa na kumwambia mpishi ugali wake mbichi mbele ya wageni. Raphael alichomoa daftari, akaweka futi kwenye ubao, akapima tundu moja baada ya jingine. Kila tundu lilikuwa pale daftari lilipolitaka liwe.

"Ubao haujakosea, mama."

"Basi daftari limekosea."

"Na daftari nililiandika mbele yako."

"Fundi, kompyuta haina mikono ya kusogeza vitu."

Raphael akafunga daftari. "Sawa, mama," alisema, akaenda zake, ubao akauacha palepale. Njia nzima alijibishana na Mama Marcel kichwani, na kichwani alishinda. Chakula cha mchana hakikupita. Dorika alimtazama akiugeuza ugali kwenye sahani.

"Nani amekuudhi?"

"Ameniambia nimekosea kipimo."

Dorika, aliyeishi naye miaka kumi na tisa katika nyumba ambayo kila mlango hufunga kwa kidole kimoja, aliweka kijiko chini. "Wewe?"

Neno hilo moja lilimrudishia hamu ya kula. Lakini Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, bado alikuwa akifikiri. Alipima mbele ya macho ya Mama Marcel, geji zikiwa zimekaa. Siku nne baadaye hazipo. Ubao haukui wala haupungui kwa siku nne. Kwa hiyo kilichosogea ni kile kingine, kwa mikono au bila mikono.

Jumatatu asubuhi alikwenda bila kuitwa.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba kitu kimoja tu. Ile kompyuta, siku niliyopima mpaka siku niliyoleta ubao, uliizima?"

"Sikuizima kabisa. Niliogopa kuivuruga." Mama Marcel akavitazama vioo. "Ijumaa umeme ulikatika. Ulivyorudi nikaiwasha, madirisha nikayarudisha kwa macho pale yalipokuwa."

"Naomba tuizime sasa hivi, mimi nikiwepo."

Wakazipanga geji vizuri nyuma ya ubao, zote sita, kila moja katikati ya tundu lake. Ilipendeza mpaka Raphael akasahau kwamba amenuna. Kisha wakazima. Wakawasha. Programu ikajifungua bila haraka, anga ikatokea, pua ya ndege ikatokea, na geji zote sita zikawa zimerudi kioo cha juu, zimejipanga chini kama vifungo vya shati, kama vile hakuna mtu aliyewahi kuzigusa.

Mama Marcel alivua miwani.

"Mnarani," alisema taratibu, "ukimpa rubani namba isiyo sahihi, husemi samahani, wala hujielezi. Unasema neno moja, halafu unatoa namba iliyo sahihi." Akamgeukia. "Sahihisho. Fundi hakukosea kipimo."

Raphael akajikuta anatazama sakafu. "Nimekusikia, mama."

"Rudia."

"Fundi hakukosea kipimo."

"Sahihi. Sasa kaa tutafute mchawi."

Mchawi aliwachukua wiki nzima, muda wa saa mbili kila asubuhi, Raphael akipitia kabla ya kwenda bandani. Kompyuta hakuijua, lakini kazi ya kuunganisha vipande alikuwa anaijua. Kwanza aligundua kwamba vile vioo vya chini, vinavyofanana kama mapacha, kompyuta haivitambui kwa sura bali kwa tundu ambamo waya umechomekwa. Binti anayekuja kufagia alikuwa amechomoa nyaya, akafuta vumbi vizuri sana, akazirudisha kila moja kwa mwenzake. Ndiyo maana dira ilikwenda kuchungulia kwenye kimo. Raphael akafanya anachofanya akibomoa kitanda ili kukihamisha: akazitia nyaya alama za rangi, mstari mwekundu mmoja, miwili na mitatu, na alama hizohizo kwenye kompyuta, mkabala na kila tundu.

La pili lilikuwa gumu zaidi.

"Ukimaliza kuyapanga," aliuliza siku ya tatu, "kompyuta unaiambia iyakumbuke?"

"Naiambia kila mara. Nahifadhi safari, halafu ndiyo napanga madirisha, halafu naruka."

"Unahifadhi kwanza, halafu ndiyo unapanga?"

Miaka thelathini na mmoja ya kuwapangia watu foleni angani, na foleni yake mwenyewe ilikuwa imesimama kichwa chini. Mama Marcel alicheka hadi kuku wakasogea dirishani. Kuanzia hapo wakawa na utaratibu, ambao Mama Marcel aliuandika kwa herufi kubwa na kuubandika ukutani: nyaya kwanza, vioo, ndipo madirisha yang'olewe na kupangwa, na ndipo kuhifadhi, kabla mkono haujagusa kitu kingine.

Likabaki dogo la mwisho. Hata vikikumbukwa, vidirisha vile vilirudi vikiwa vimeteleza upana wa kidole, siku nyingine kushoto, siku nyingine juu. Mama Marcel alitaka kupambana na kompyuta. Raphael alichukua ubao, akaurudisha bandani, akaukata njia mbili nyembamba nyuma na kuuwekea skrubu za kukaza kwa mkono, ili uweze kusukumwa kidole huku na kidole kule. "Madirisha yakigoma kuufuata ubao," alisema, "ubao uyafuate madirisha." Alijisikia vizuri sana kusema hivyo, mpaka akamsimulia Maige, naye Maige, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kuongeza isipokuwa "Wabeja," yaani asante, bila kueleza ni asante ya nini.

Jumamosi iliyofuata Raphael alikwenda na Dorika. Kwanza ni kwa sababu ya maneno ya sokoni, na pili kwa sababu Dorika mwenyewe alikuwa amechoka kusikia habari za geji bila kuziona. Alibeba karanga za kukaanga kwenye mfuko, akamsalimu Mama Marcel kwa goti, akaketi nyuma kama mtu aliyefika kwenye sherehe.

Ubao ulikuwa umepakwa vanishi. Matundu sita, geji sita, kila sindano imetulia. Ukikaa kwenye kiti cha Mama Marcel huoni kompyuta popote.

Mama Marcel alitoa bahasha ya zamani mezani. Ndani kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake wa zamani, mnyoofu.

"Siku ile nilipotoka zamu niliandika kila nilichomwambia," alisema. "Leo mimi ni Mihayo. Wewe, Raphael, ni mnara. Utanisomea. Mistari hii yenye dakika pembeni, angalia saa yako, usiniwahishe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila neno fundi.

"Lakini Mihayo hakuwa na hizi mbili," alisema Raphael, akionyesha upeo na dira.

"Ndiyo. Na programu hii sijui namna ya kuziua."

Raphael aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Vile vipande vya mninga alivyovikata alikuwa amevichukua bila kujua kwa nini, kwa mapenzi tu ya vitu vya duara. Alibonyeza kimoja kwenye tundu la upeo na kingine kwenye la dira. Vikakaa bila gundi wala msumari, na mstari wa mbao ukaendelea kana kwamba haujawahi kukatwa. Mama Marcel alivipapasa kwa kidole gumba.

"Eeh," alisema. "Hivyo."

Akaweka mawingu na mvua, akaiweka ndege juu ya ziwa, magharibi ya Mwanza, futi elfu saba. Kioo cha juu kikawa cheupe kama maziwa.

Raphael alisafisha koo, akasoma kwa sauti ya kanisani. "Geuka kushoto. Taja kimo chako."

"Elfu saba."

"Nyoosha. Taja mwendo wako. Je, unaona maji? Abiria ni wangapi? Mafuta ya muda gani?"

"Mafuta ya... subiri." Sindano ya kimo ilikuwa ikishuka, ile ya kugeuka ikilala upande. Mama Marcel akavuta usukani, ikazidi.

"Shuka futi mia tano," Raphael akaendelea, jicho kwenye saa. "Taja kimo. Je, unaona maji? Taja kimo."

"Nasoma! Nasoma kimo!"

"Je, unaona maji?"

"Maji! Maji!" alipiga kelele Dorika kutoka nyuma, karanga zikimwagika, maana ziwa lilikuwa limejaa kioo kizima, la kijivu, likija kwa kasi. Kisha kila kitu kikasimama, na maandishi madogo yakaeleza kwa upole kwamba ndege imeharibika.

Mama Marcel aliweka mikono mapajani.

"Nisomee tena ile sehemu," alisema. "Kuanzia elfu saba."

Raphael akamsomea, sasa bila saa. Aliposikiliza, mama yule alianza kutikisa kichwa. Ndani ya dakika mbili alikuwa amemuuliza rubani maswali tisa. Mtu ana macho mawili na sindano nne, kila sindano inamvuta upande wake, na huku sikioni kuna mwanamke anataka kujua habari za mafuta.

"Nilidhani nilimwokoa," alisema. "Kumbe nilimsonga."

Dorika, aliyekuwa akiokota karanga chini, alisema kutoka palepale sakafuni, "Lakini alitua, mama."

"Alitua."

"Basi muulize alivyofanya."

Ilikuwa rahisi hivyo, na hakuwahi kuifikiria. Kapteni Mihayo alistaafu siku nyingi, anafuga ng'ombe kwao Samuye, na namba yake Mama Marcel alikuwa nayo kwa ajili ya misiba na Krismasi. Akapiga, akaweka sauti wazi. Ng'ombe walisikika kabla ya mtu.

"Mnara!" ilisema sauti nzito. Ndivyo alivyomwita siku zote. "Habari za Ushirombo?"

"Nzuri, Kapteni. Nina swali la zamani. Siku ile ya mvua, ya geji mbili. Nilikuuliza maswali mengi sana. Uliwezaje?"

Mtu alifukuza ndama.

"Niseme ukweli?"

"Sema."

"Nilipunguza sauti."

"Ulifanya nini?"

"Ulisema geuka, nikageuka. Ulisema shuka, nikashuka. Ulipofika kwenye mafuta nikapunguza sauti ya redio, nikabaki nakusikia kwa mbali tu, kama mtu anayepika chumba cha pili. Sikuhitaji maneno, Mnara. Nilihitaji kujua kwamba mtu yupo. Nikikusikia unaongea, najua uwanja haujaondoka."

Raphael aliona mabega ya Mama Marcel yakianza kucheza, akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, ya mwanamke ambaye alikuwa amebeba gunia miaka karibu thelathini na leo ameambiwa ndani mlikuwa na pamba. Machozi yalikuwepo pia, akayafuta kwa ncha ya khanga. Upande wa pili Mihayo naye alicheka, na ng'ombe wake wakajibu.

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Uliniuliza mafuta."

Simu ilipokwisha walijaribu tena. Safari hii Raphael alisoma mistari minne tu, ile ya geuka na nyoosha na shuka, na katikati akawa anasema chochote, bei ya mbao, habari za Maige, kwa sauti ya chini, ili mtu ajue yupo. Mama Marcel hakumjibu hata mara moja. Macho yake yalitembea kutoka tundu hadi tundu, bila papara. Kwenye futi elfu nne na mia tatu mawingu yalifunguka, na njia ya kutua ikawa pale mbele, imelala kando ya maji, yenye unyevu, imenyooka. Ndege iligusa, ikaruka kidogo kama mbuzi, ikagusa tena, ikasimama.

Dorika akapiga vigelegele. Jirani akachungulia uani kuuliza kama kuna posa.

Mama Marcel alikaa akiitazama njia ile kwa dakika nzima. Halafu akainuka, akanyoosha mgongo, akakionyesha kiti kwa kidole.

"Raphael. Zamu yako."

"Mimi, mama?"

"Umetengeneza ndege, huijui ilivyo? Kaa. Unakwenda wapi?"

Raphael akaketi. Aling'oa vile vipande viwili vya mninga, na upeo na dira vikajitokeza vikiwa palepale katikati ya matundu yake. Aliwaza kwanza kwenda Ushirombo, lakini Mama Marcel alimtahadharisha kwamba waliotengeneza programu hawakufika huku; pale ilipo parokia wao wameweka vichaka na barabara moja. Hilo lilimuumiza kidogo. Akafikiri tena.

"Tabora," alisema. "Kuna dada yangu. Sijamwona miaka mitatu."

"Tabora. Washa. Sukuma mafuta taratibu, tazama mwendo, usivute usukani mpaka nikuambie. Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, na ndege ikaanza kukimbia. Dorika aliuliza kama Tabora ni mbali. Mama Marcel akasema saa moja na dakika kadhaa, upepo usipokuwa mbishi. Dorika akasogeza kigoda chake mbele mpaka kati ya viti vyao, akavua kandambili, akawapa kila mmoja karanga.